Kwa Nini Peleti Zinavunjika?

Nyamusi alikuwa na kazi mbili. Asubuhi alichuma chai. Ilipofika saa nne alitua kikapu, akanawa mikono, akaenda kwenye kibanda cha mashine.

Shamba lao lilikuwa Gesima, kaunti ya Nyamira. Juu kulikuwa na chai, chini kulikuwa na migomba. Kibanda kilikuwa kando ya barabara. Ndani yake kulikuwa na mashine ya kutengeneza peleti.

Watu wengi waliopita hapo waliuliza peleti ni kitu gani. Nyamusi hakuchoka kueleza. Aliwatilia chache mkononi waziangalie. Ni unga wa mbao, aliwaambia, ule unaobaki mbao zikipasuliwa. Mashine inaushindilia kwa nguvu mpaka unakuwa vijiti vifupi, vinene kama kalamu. Unavitia kwenye jiko lake. Vinawaka vizuri na moshi wake ni kidogo. Wala hukati mti mwingine ili uvipate.

Yeye na mume wake, Mose, walikuwa wameuza ng'ombe wawili ili wanunue mashine hiyo. Tangu siku hiyo chai ya nyumbani ilinywewa bila maziwa. Binti yao Bosibori alilalamika kwa siku mbili, kisha akazoea.

Mashine iliendeshwa na Machogu. Alikuwa mtu mzima kutoka Tabaka, na alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika posho mill, kinu cha kusagia mahindi, huko Keroka. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mashine ikibadilisha sauti kidogo tu, yeye alikuwa ameshasimama.

Unga wa mbao ulitoka sehemu mbili. Magunia mengine yaliletwa kutoka kwa watu wanaopasua magogo ya mikaratusi upande wa Keroka. Mengine yalitoka kwa maseremala wa mji wa Nyamira, wanaotengeneza vitanda na makabati. Yote yalirundikwa pamoja ndani ya kibanda. Kwa Nyamusi, unga wa mbao ulikuwa unga wa mbao.

Mnunuzi wao mkubwa alikuwa Deka, mwenye duka mjini Nyamira. Deka na mume wake Shariff waliuza masufuria, majiko na mikeka. Deka ndiye aliyeleta majiko ya peleti pale mjini. Ndiye aliyewashawishi wenye hoteli wayajaribu, na jina lake ndilo lililokuwa dhamana ya kila gunia aliloliuza. Kila Alhamisi gari lake lilikuja Gesima kuchukua peleti.

Januari na Februari kazi ilienda vizuri. Peleti zilitoka ngumu, zinang'aa. Kisha mvua ya Machi ikaanza, na Nyamusi akaanza kuchanganyikiwa.

Siku moja Deka alipiga simu. Alisema mwenye hoteli mmoja aitwaye Onsongo amemrudishia magunia manne. Peleti zilikuwa zimevunjika na kuwa unga. Unga huo uliziba jiko, moshi ukajaa jikoni, na saa saba mchana wateja walikuta ugali haujaiva. Wengi waliondoka na njaa.

Nyamusi aliomba radhi. Kisha alikwenda kibandani akashika peleti zilizobaki za wiki hiyohiyo. Zilikuwa ngumu kama mawe. Alijaribu kuivunja moja kwa vidole, ikakataa. Hakuelewa. Zimetoka hapa zikiwa nzuri, zimefikaje Nyamira zikiwa unga?

Wiki iliyofuata mambo yalizidi. Sasa peleti ziliharibika palepale kwenye mashine. Zilitoka laini, zina nyufa, zinafuka mvuke kama viazi vilivyopakuliwa sasa hivi. Baada ya siku mbili zikaharibika kwa namna nyingine. Zilitoka kavu na za moto sana, zikamomonyoka, na mashine ikapiga kelele mpaka Machogu akaizima.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mose alisema ni umeme, unapanda na kushuka. Shemeji yake Nyamusi, Abner, alikuja akaitazama mashine kwa muda mrefu, akasema ile sahani ya chuma yenye matundu, ambamo peleti hupitia, imelika, inunuliwe mpya. Mama mmoja wa kanisani alishauri waongeze unga wa muhogo ili ushike kama gundi. Mwingine alisema kwa sauti ya chini kwamba watu wana wivu, na dawa ya wivu ni maombi. Machogu naye alisema anaona unga ni mkavu. Aliomba aunyunyizie maji kidogo.

Nyamusi aliwasikiliza wote. Ilikuwa rahisi kuliko kuchagua mmoja. Jumatatu waliweka sahani mpya, wakachanganya unga wa muhogo, Machogu akanyunyiza maji, na kabla ya kuwasha mashine wakasimama wakaomba.

Peleti zikatoka nzuri kabisa.

Nyamusi alifurahi mpaka jioni. Halafu swali likamjia akiwa anamenya ndizi. Zimekuwa nzuri kwa sababu ya nini? Ya sahani, ya muhogo, ya maji, au ya maombi? Akaona salama ni kurudia yote manne.

Jumatano waliyarudia yote manne. Hawakuacha hata moja. Peleti zikatoka laini na zimepasuka. Zilipoanguka chini zilisambaa kama mkate uliolowa.

Nyamusi aliokota mbili, akasimama nazo, moja kila mkono.

"Machogu, tumefanya nini tofauti na juzi?"

"Hakuna, Mama Bosibori," Machogu alisema. "Hata mimi sielewi."

Mtu asipoelewa chanzo cha jambo, mara nyingi huanza kutafuta wa kumlaumu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Nyamusi na Mose. Mose alikuwa amesikia sokoni kwamba Machogu alionekana Keroka akizungumza na mtu anayetaka kuanzisha biashara ya peleti. Alimweleza mkewe hivyo. Nyamusi alianza kufikiria maji. Nani aliyesema maji yaongezwe? Machogu. Nani aliyeyamwaga kwa mkono wake? Machogu. Alisahau kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia arudie.

Ijumaa asubuhi Nyamusi alimwambia Machogu apumzike nyumbani kwanza.

"Nimefanya nini?" Machogu aliuliza.

Nyamusi alisema tu kwamba kazi imepungua. Machogu alitazama lile rundo la magunia ya unga ambayo bado hayajaguswa, makumi ya magunia. Alinawa mikono. Alikunja ovaroli yake akaiweka juu ya kiti, akaenda.

Kuanzia Jumapili, kwa siku tatu, Nyamusi na Mose waliendesha mashine wenyewe. Hawakutia maji hata tone. Peleti zikatoka kavu, zinamomonyoka, na mashine ikanuka kama kitu kinachoungua. Mose alisema lazima Machogu aliiharibu kabla ya kuondoka. Nyamusi alitaka kuamini hivyo. Lakini jioni walijaribu magunia mengine, na peleti tano au sita zikatoka nzuri, katikati ya rundo la mbaya. Mashine iliyoharibiwa ingetoaje nzuri hata hizo? Sasa alikuwa hajui hata aanzie wapi kufikiri.

Siku ya nne Deka alikuja mwenyewe. Hakuja kugombana. Alikunywa chai, akaulizia habari za Bosibori, kisha akaeleza kwamba Onsongo amempa wiki tatu. Baada ya hapo atarudi kwenye makaa, na hoteli nyingine tatu zitamfuata.

"Mama Bosibori, nimekutetea kwa sababu ninakujua," alisema. "Lakini nikiulizwa shida ni nini, nijibu nini?"

Nyamusi alisema ukweli. Alisema hajui.

Msaada ulikuja kwa njia ya kuku. Jirani yao Sharon alifuga vifaranga, na alisikia kwamba kibandani kuna unga mwingi ulioharibika. Alikuja Jumapili kuomba magunia mawili ya kutandaza kwenye banda lake. Sharon alifanya kazi katika kiwanda cha chai, upande wa boila. Boila ni lile tangi kubwa linalochemsha maji ili mvuke wake ukaushe majani ya chai. Kazi yake ilikuwa kupokea kuni na kupima kama zimekauka vya kutosha.

Sharon aliingiza mkono katika gunia la kwanza mpaka kwenye kiwiko. Akautoa. Akaingiza katika gunia la pili. Akasimama akiutazama mkono wake.

"Haya yametoka mahali pamoja?" aliuliza.

Nyamusi alisema hapana, hilo moja ni la wapasuaji magogo, hili la maseremala. Lakini yote ni unga wa mbao.

Sharon alimwambia aingize mkono naye. Nyamusi aliingiza. Gunia la kwanza lilikuwa na baridi ndani, na unga uligandamana kiganjani. La pili lilikuwa na joto, na unga ulipita katikati ya vidole kama majivu. Alikuwa ameyabeba magunia haya miezi mitatu. Hakuwahi kuingiza mkono wake hivyo.

Sharon aliomba sufuria, akamtuma mtu nyumbani kwake amletee mizani ndogo anayopimia dawa za kuku. Walikwenda jikoni. Alipima gramu mia moja za unga wa maseremala, akauweka kwenye sufuria juu ya moto mdogo. Alimwambia Nyamusi akoroge bila kuacha, maana unga wa mbao ukishika moto ni hatari. Baada ya muda waliupima tena. Wakaurudisha motoni, wakapima tena. Ulipoacha kupungua, mizani ilisoma gramu tisini na tatu.

"Zile saba zimekwenda wapi?" Nyamusi aliuliza.

"Zilikuwa maji. Yameondoka na mvuke."

Kisha wakaweka gramu mia moja za unga wa magogo. Huu ulifuka mvuke mwingi mpaka kifuniko kilichokuwa kando kikalowa. Walikoroga na kupima, wakakoroga na kupima. Ulipoacha kupungua, mizani ilisoma hamsini na nane.

Nyamusi alidhani mizani imeharibika. Walirudia yote tangu mwanzo. Ikasoma hamsini na tisa.

Basi Sharon akaeleza, na alieleza polepole. Magogo ya Keroka hupasuliwa yakiwa mabichi. Karibu nusu ya uzito wa unga wake ni maji. Wakati wa kiangazi unga huo hukaa kwenye jua ukakauka wenyewe, ndiyo maana Januari hamkuona shida. Mvua ilipoanza, uliacha kukauka. Mbao za maseremala zimekauka zamani, kwa hiyo unga wao una maji kidogo mno.

"Wewe ni mkulima wa chai," Sharon alisema. "Ukipeleka majani yaliyonyeshewa, karani wa kituo anafanya nini?"

"Anakata uzito wa maji."

"Kwa sababu anajua jani lenye maji si sawa na jani kavu, hata kama yote ni chai. Na unga huu ni hivyohivyo."

Nyamusi aliuliza, kama maji ni mabaya, mbona unga mkavu nao unaharibika? Hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Sharon alimkumbusha jinsi ya kukanda chapati. Maji yakipungua, unga haushikani. Yakizidi, unakuwa tope. Ndani ya mashine kuna joto na nguvu nyingi. Maji kidogo yanasaidia mbao kulainika na kushikana zenyewe, hata bila muhogo. Yakizidi yanageuka mvuke, na mvuke unapotoka unaipasua peleti. Yakipungua, peleti inamomonyoka na mashine inaumia. Ukikausha gramu mia na ukabaki na themanini na tano mpaka tisini, hapo unga unafaa. Kila mashine ina tabia yake, Sharon alisema, kwa hiyo utajaribu uone yako inapenda wapi hasa.

Nyamusi alirudi nyuma kwa mawazo, siku moja baada ya nyingine. Ile Jumatatu walitumia unga wa nani? Alikumbuka vipande vya misumari ya seremala vilivyookotwa ndani yake. Ulikuwa unga mkavu. Maji yaliusaidia. Na Jumatano? Jumatano yalifunguliwa magunia ya Keroka, yaliyofika siku hiyohiyo, mazito mpaka mbebaji alilalamika. Unga tayari ulikuwa na maji tele, na wao wakaongeza mengine. Na zile peleti tano au sita nzuri zilitoka pale unga mkavu na mbichi ulipokutana ndani ya mashine.

"Ulibadilisha mambo manne kwa siku moja," Sharon alisema. "Yakienda vizuri hujui lipi limesaidia. Yakienda vibaya hujui lipi limeharibu. Badilisha moja, tazama, halafu uende kwa lingine."

"Machogu alisema unga ni mkavu," Nyamusi alisema. "Ile Jumatatu. Alisema kweli."

Sharon hakujua habari za Machogu. Nyamusi alimweleza, na alipofika mahali pa ovaroli kuwekwa juu ya kiti alishindwa kuendelea.

Bado kulikuwa na fumbo moja. Zile peleti ngumu za mwanzo, zilivunjikaje zikiwa njiani kwenda Nyamira? Sharon aliuliza peleti zikitoka kwenye mashine zinakaa muda gani kabla ya kutiwa kwenye magunia. Hazikai, Nyamusi alijibu. Zinatiwa zikiwa za moto, mdomo unashonwa. Sharon alisema ukifunika ugali wa moto kwa sahani, chini ya sahani utakuta maji. Ndani ya gunia ni vivyo hivyo. Na peleti ikipata maji inavimba na kurudi kuwa unga. Akauliza tena: huko dukani magunia yanawekwa wapi? Nyamusi hakujua. Hakuwahi kwenda kuona.

Kesho yake alikwenda Nyamira. Deka alimpeleka stoo, nyuma ya duka. Magunia yalikuwa sakafuni, juu ya saruji, yameegemea ukuta. Nyamusi aligusa ukuta, ukamlowesha kiganja. Gunia la chini kabisa lilikuwa limevimba kama mto wa kulalia. Alianza kueleza, naye alianza na makosa yake mwenyewe: unga usiopimwa, na peleti zilizoshonwa zikiwa za moto. Kisha akaonyesha ukuta.

Deka aliguna. Haikumfurahisha kusikia kwamba stoo yake nayo ilikuwa na lawama. Lakini alikuwa mfanyabiashara, na sasa angalau alikuwa na jambo la kumwambia Onsongo. Kabla ya adhuhuri Shariff alikuwa ameleta mbao za kuinulia magunia kutoka sakafuni, na walikuwa wameyasogeza mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita.

Jambo lililobaki lilikuwa gumu kuliko kupanga magunia. Jumanne Nyamusi na Mose walisafiri mpaka Tabaka kumtafuta Machogu. Mose hakutaka kwenda. Alisema wangeweza kupiga simu. Nyamusi alimjibu kwamba walimfukuza wakimtazama usoni, na radhi itaombwa hivyohivyo.

Walimkuta Machogu kwenye uwanja wa kaka yake, mahali wanapochonga vyombo vya mawe laini yanayoitwa mawe ya sabuni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ana beseni la maji mbele yake, anasugua bakuli la jiwe kwa msasa uliolowa. Aliwakaribisha. Aliwaletea viti. Akaendelea kusugua.

Nyamusi alieleza yote: sufuria, mizani, tisini na tatu na hamsini na nane. Alisema Machogu alikuwa sahihi siku ya Jumatatu, na kwamba siku ya Jumatano yeye ndiye aliyeagiza maji yatiwe. Alisema walimshuku bila kumuuliza. Mose aliinamisha kichwa, akaongeza kwamba yeye ndiye aliyeleta maneno ya Keroka.

Machogu aliliweka bakuli chini.

"Yule mtu wa Keroka alinipa kazi," alisema. "Nilimwambia nina kazi tayari."

Aliuchovya msasa kwenye beseni.

"Mama Bosibori, mimi sikuwa najua mambo ya gramu. Nilikuwa nabahatisha kama nyinyi. Lakini mkono wangu ulikuwa kwenye ule unga kila siku. Mngeniuliza, ningewaambia kwamba magunia mengine ni mazito na mengine mepesi. Hamkuniuliza. Mliniambia kazi imepungua."

Nyamusi alisema ni kweli, na kwamba ameona aibu. Walimwomba arudi. Machogu hakukubali siku hiyo. Alisema kuna mabakuli arobaini ya mteja, lazima yaishe. Walirudi Gesima bila kujua kama atakuja.

Wakati wakingoja walibadilisha kibanda. Magunia ya Keroka yaliwekwa upande wa kushoto na kufungwa kwa kamba ya mkonge. Ya maseremala yaliwekwa kulia na kufungwa kwa ukambaa wa mgomba. Hata asiyejua kusoma angeyatofautisha. Walijenga kichanja chini ya paa cha kuanikia unga mbichi, mahali upepo unapopita. Walitengeneza meza ya wavu ya kupozea peleti. Unga wa pande zote mbili ulichanganywa, ukapimwa kwa sufuria na mizani ya Sharon kabla ya mashine kuwashwa. Unga wa muhogo ulirudi jikoni. Nyamusi aliendelea kuomba asubuhi kama kawaida yake, na aliendelea kupima.

Machogu alifika baada ya siku tisa. Alivaa ovaroli yake, akazunguka kibanda, akagusa kichanja, akatazama kamba za magunia. Alisema ana sharti moja. Siku mambo yakiharibika, aulizwe kwanza. Nyamusi alikubali.

Sharti hilo lilijaribiwa upesi. Deka alimwomba Onsongo awape nafasi moja ya mwisho, naye akaagiza magunia ishirini, yafike Alhamisi. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Jumatano asubuhi Machogu alichanganya unga, akapima gramu mia, akakausha. Mizani ilisoma sabini na tisa.

"Bado una maji," alisema. "Sitawasha."

Mose alisema muda umekwisha, gari litafika kesho, na sabini na tisa haiko mbali sana na themanini na tano. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Walikuwa wamebakiwa na nafasi moja tu. Nyamusi alitazama unga, akamtazama mume wake. Alihisi ule mkanganyiko wa zamani ukimrudia kichwani.

"Machogu, wewe unasemaje?" aliuliza.

Machogu alieleza kwamba unga mkavu wa kulia umebaki kidogo, hautoshi kusawazisha. Ule mbichi unahitaji siku tatu kwenye kichanja, ukigeuzwa kila saa. Wakiwasha leo, watapeleka magunia ishirini ya kurudishwa.

Nyamusi alimpigia Deka akamwambia Alhamisi haitawezekana. Alimweleza kwa nini, na akataja ile namba ya mizani. Deka akasema afadhali amwambie Onsongo kwamba ni Jumatatu, na iwe kweli. Angemweleza sababu, na safari hii alikuwa nayo.

Waligeuza unga Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Sabato walipumzika. Jumapili mizani ilisoma themanini na saba, na Machogu akawasha mashine. Peleti zilitoka ngumu, zinang'aa. Ziliachwa kwenye meza ya wavu mpaka zikapoa kabisa. Jumatatu zilikwenda Nyamira, zikawekwa juu ya mbao.

Wiki ikapita. Hakuna gunia lililorudi. Ya pili ikapita, na Onsongo akaagiza tena bila kusema neno zuri wala baya. Wiki ya tatu Deka alipiga simu wakiwa kibandani. Shule moja ya bweni imeona jiko la Onsongo, alisema, nayo inataka magunia thelathini. Aliuliza kama yatapatikana Jumatatu.

Nyamusi alifungua kinywa kusema ndiyo. Kisha akamweleza Machogu ombi hilo, akampa simu.

Machogu alifuta mkono kwenye ovaroli kabla ya kuipokea. Alikwenda kwenye kichanja, akaingiza mkono ndani ya unga mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akautazama.

"Jumatano, mama," alisema. "Jumatatu utakuwa bado mbichi."

Deka akasema sawa, atawaambia shule kwamba ni Jumatano.